Kuingia kwenye kamati za chuo cha udaktari: mwongozo kwa mhadhiri anayeanza

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wahadhiri wasaidizi na madaktari bingwa waliotoka masomoni huniletea maswali yale yale. Niombe kwa nani? Lazima niwe na uzamivu? Kikao ni saa tatu na raundi yangu inaanza saa mbili, nitafanyaje? Na kuna lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: hivi kamati zinasaidia kitu kweli, au ni kukaa tu na kusaini posho? Nimekuwa mjumbe wa kamati za mitihani, mtaala na maadili ya utafiti katika chuo cha udaktari hapa Tanzania, na majibu yangu nimeona niyaweke mahali pamoja.

Nakuandikia wewe unayefundisha MD, shahada ya kwanza ya udaktari, au MMed, ile ya uzamili, uwe wa sayansi za msingi kama anatomia na fiziolojia, au wa wodini. Kwa lile swali la sauti ya chini, jibu ni hili: kamati ndiyo inayoamua mwanafunzi wa mwaka wa tatu akae wiki ngapi wodi ya watoto, swali gani liingie kwenye mtihani wa mwisho, na mama aliyefuatwa na watafiti kijijini aelezwe nini kabla hajatolewa damu. Maamuzi hayo yatafanyika hata usipokuwepo.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Barua yako ya ajira na cheo chako cha sasa. Kamati chache hudai uwe mhadhiri au zaidi, lakini kamati za idara na za shule nyingi humpokea mhadhiri msaidizi bila tatizo.
- Nakala ya hati idhini ya chuo chako na kanuni za kamati. Vyuo vikuu vyetu vinafanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na kila kimoja kina hati yake. Ofisi ya katibu wa seneti ndiko pa kuulizia.
- Ratiba yako ya mwezi mzima, iliyoandikwa: raundi, kliniki, siku ya upasuaji, zamu, vipindi, wanafunzi unaowasimamia.
- Saa tatu hadi nne za kusoma kabla ya kila kikao. Hiki ndicho watu wanachokisahau, na ndicho kinachomtenganisha mjumbe na mhudhuriaji.
- Daftari moja la vikao tu. Usichanganye na la wodini.
- Mtu mmoja aliyewahi kukaa kwenye kamati unayoitaka, ambaye unaweza kumpigia simu na kumuuliza jambo bila kuona haya.

Uprofesa si sharti. Ufasaha wa kuzungumza kikaoni nao utakuja wenyewe baada ya vikao vitatu vinne.

Hatua ya 1: Chora ramani ya vyombo vya chuo chako

Chukua karatasi. Chini kabisa andika mkutano wa idara. Juu yake bodi ya shule au kitivo, juu yake kamati za seneti, kisha seneti yenyewe, na juu kabisa baraza la chuo. Kwa kawaida mambo ya taaluma hukomea seneti, na mambo ya fedha, ajira na majengo hupanda hadi baraza. Pendekezo la mtaala mpya huanzia idarani, hupita ngazi hizo moja moja, na likivuka seneti hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa ajili ya ithibati. Ukiijua njia hiyo hutashangaa kwa nini pendekezo lako zuri limekaa miezi minane.

Kisha chora hospitali ya kufundishia, pembeni. Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Pale Muhimbili, kwa mfano, chuo kikuu na hospitali ya taifa vimepakana ukuta kwa ukuta lakini ni taasisi mbili, kila moja na uongozi wake na kamati zake. Bodi ya shule ikiazimia wanafunzi waingie wodini saa kumi na mbili asubuhi, muuguzi mfawidhi hafungwi na azimio hilo mpaka hospitali nayo ikubali. Andika kwenye ramani yako ni jambo lipi linaamuliwa upande upi.

Onyo: usianzie juu. Wajumbe wengi wa seneti wameingia kwa nafasi zao za kazi, kama wakuu wa shule na wakurugenzi. Anzia ngazi ambayo kazi yako inaonekana.

Hatua ya 2: Chagua kamati moja, inayofanana na kazi unayoifanya tayari

*Kamati ya mitihani.* Inamfaa mtu anayetunga maswali na kusahihisha. Kazi yake ina pande mbili: kuchuja maswali kabla ya mtihani, na kupitia alama kabla matokeo hayajapelekwa mbele. Ni kazi ya msimu, na ina siri nzito.

Nilijifunza uzito wake kwa namna ambayo siisahau. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwenye kikao cha matokeo nikitokea zamu ya usiku, jedwali la alama sijalifungua. Likapita. Wiki mbili baadaye kijana mmoja akaleta rufaa: kituo cha saba cha mtihani wa vituo, ule wanafunzi wanaouita oski, ambao mtahiniwa hupita kituo hadi kituo akipimwa ujuzi, alikuwa ameandikiwa sifuri. Tulipofungua bahasha tuliikuta karatasi yake ya alama, imebanwa nyuma ya karatasi ya mwenzake kwa pini yenye kutu. Alikuwa na alama kumi na nne kati ya ishirini. Nyumbani alishapiga simu kwamba amedisko, yaani ameondolewa masomoni, na baba yake alishaanza kutafuta nauli ya kuja kumchukua. Kabla ya kikao, sifuri ile ilikuwa imekaa kwenye jedwali siku tano mbele ya wajumbe kumi na mmoja. Sifuri moja tupu katikati ya alama nzuri inaonekana kwa jicho la kawaida, ikiwa kuna jicho linaloangalia.

*Kamati ya mtaala.* Inamfaa mwenye subira. Matunda yake huonekana baada ya miaka. Muhimbili ilipohamia mitaala ya umahiri mwaka 2011, nyuma yake kulikuwa na vikao vingi vya kuandika ni nini hasa mhitimu aweze kufanya kwa mikono yake. Kama umewahi kulalamika kwamba wanafunzi wanafika mwaka wa nne hawajui kupima presha sawasawa, hii ndiyo kamati yako, kwa sababu hapa ndipo unapoweza kuuliza: ujuzi huu unafundishwa wiki gani, na nani, na unapimwa wapi?

*Kamati ya maadili ya utafiti.* Naipenda kuliko zote, na nawashauri vijana waiombe mapema. Msingi wake ni Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni 2024. Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya tiba unapendekeza kamati iwe na wajumbe wasiopungua watano, angalau mmoja awe mtu ambaye fani yake si sayansi za tiba, na angalau mmoja asiwe wa taasisi yenye kamati hiyo. Kwa hapa nchini, usimamizi wa kitaifa uko chini ya NIMR, taasisi ya utafiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambayo ina kamati yake ya taifa ya maadili.

Yule mjumbe asiye mwanasayansi mheshimu sana. Siku moja tulikuwa tunapitia fomu ya ridhaa ya jaribio la dawa. Ilikuwa imeandikwa: “Utapangiwa kundi kwa njia ya nasibu.” Sisi madaktari tulishafika ukurasa wa nne. Mjumbe wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akanyosha mkono. “Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hii nasibu ni ile bahati nasibu? Kwa sababu mimi nikisoma hapa naelewa kuna watu watashinda dawa na wengine watakosa.” Kimya kikatanda. Alikuwa ameona alichokuwa akiona mgonjwa. Fomu ikarudi kwa mtafiti, ikaja tena hivi: “Kompyuta ndiyo itakayochagua kundi lako. Wewe hutachagua, wala daktari hatachagua. Hatujui bado ni dawa ipi kati ya hizi mbili iliyo bora, ndiyo maana tunafanya utafiti.” Na pale palipoandikwa mililita 10 za damu, wakaongeza: sawa na vijiko viwili vya chai. Kazi ya asubuhi nzima ile ilikuwa sentensi tatu na vijiko viwili, na nadhani ni kati ya asubuhi zangu zilizotumika vizuri zaidi.

*Kamati za hospitali.* Kamati ya dawa na tiba, ya kukinga na kudhibiti maambukizi, ya kupitia vifo vitokanavyo na uzazi. Zinamfaa anayefundisha wodini, kwa sababu anayojifunza kikaoni anaingia nayo darasani kesho yake. Ile ya vifo vya uzazi inaongozwa na kanuni ya kutotaja majina na kutotafuta wa kulaumiwa. Kama huwezi kuizingatia, usiiombe.

Zipo pia za udahili, nidhamu, maktaba na ustawi wa wanafunzi. Zote ni kazi halali. Ila kwa mwaka wa kwanza chukua moja.

Hatua ya 3: Omba hadidu za rejea, kisha kaa pembeni usikilize

Nenda kwa katibu wa kamati. Usimfuate mwenyekiti kwanza. Katibu ndiye mwenye mafaili na ndiye anayejua kikao kijacho ni lini. Mwombe hadidu za rejea, yaani maelezo ya majukumu na mipaka ya kamati, kalenda ya vikao ya mwaka, na kama kanuni zinaruhusu, muhtasari wa vikao viwili vilivyopita. Utaona haraka kama kamati inafanya kazi: angalia sehemu ya yatokanayo, inayofuatilia maazimio ya vikao vilivyopita. Ikiwa jambo lile lile limeandikwa “linaendelea kushughulikiwa” vikao vinne mfululizo, ujue unaingia mahali penye kiporo.

Kamati nyingine huruhusu mtu kuhudhuria kama mwalikwa. Ukipata nafasi hiyo, ichukue.

Hatua ya 4: Peleka ombi lako kwa maandishi

Anza na mazungumzo ya dakika kumi na mkuu wa idara. Mheshimu kwa kumwambia mapema. Hapendi kusikia jina lako likitajwa kwenye bodi kabla hajajua. Kisha andika barua fupi, kwa lugha ambayo chuo chako hutumia kwenye barua za kiofisi. Kwa Kiswahili inaweza kuwa hivi:

> Mkuu wa Shule ya Tiba,
> Kupitia: Mkuu wa Idara ya Magonjwa ya Watoto.
>
> YAH: OMBI LA KUWA MJUMBE WA KAMATI YA MITIHANI
>
> Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika idara tajwa tangu Oktoba mwaka jana. Nimeratibu mitihani ya vituo ya mwaka wa nne kwa mihula miwili. Naomba kufikiriwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Mitihani itakapokuwa na nafasi. Niko tayari kuanza kwa kusaidia sekretarieti kuchuja maswali. Siku zangu zisizo na kliniki ni Jumanne na Alhamisi.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,

Barua hii ina vitu viwili vinavyoipa uzito: kazi uliyokwisha kufanya, na kazi ndogo unayojitolea kuianza. Barua isemayo “napenda sana kutoa mchango wangu” haina la kushikwa, itawekwa kwenye faili.

Baada ya mwezi bila jibu, pita ofisini uulize kwa upole. Nafasi nyingi hupatikana mjumbe anapokwenda masomoni, na anayekumbukwa ni aliyeonekana karibuni.

Hatua ya 5: Kabla ya kukubali, hesabu muda wako

Barua ya uteuzi ikija, isome yote. Inasema unaanza lini, unamaliza lini, na unamwakilisha nani. Halafu weka kalenda ya vikao juu ya ratiba yako. Kikao cha kila Jumatano ya pili na kliniki yako ya Jumatano havitapatana kwa kuombea. Zungumza na mwenzako mbadilishane siku *kabla* hujajibu barua, na mwambie mkuu wa idara mlivyokubaliana.

Mgonjwa aliyetoka mbali akapewa tarehe ya kliniki hatakiwi kurudishwa kwa sababu daktari yuko kwenye kamati. Kama hakuna namna ya kupanga, kataa uteuzi kwa barua ya heshima na uombe kamati yenye vikao vya alasiri. Hakuna atakayekushusha cheo.

Hatua ya 6: Soma kabrasha

Ukiruka hatua zote, hii usiiruke.

Kabrasha, yaani nyaraka za kikao zikiwa pamoja, huja siku chache kabla ya kikao, siku hizi kwa barua pepe, likiwa na kurasa themanini au mia mbili. Usianze ukurasa wa kwanza. Fanya hivi:

a) Fungua ajenda. Weka alama kwenye mambo yanayotakiwa *kuamuliwa*. Yale ya kupokelewa kama taarifa yapitie baadaye.

b) Nenda kwenye yatokanayo. Kwa kila azimio angalia nani alipewa kazi, na tarehe. Jina lako likiwapo na kazi hujaimaliza, mpigie katibu leo hii, usisubiri kuumbuka mbele ya wajumbe.

c) Rudi kwenye mambo ya kuamuliwa uyasome na kalamu mkononi. Kwa kila moja andika swali moja tu, lile ambalo usipojibiwa hutaweza kuunga mkono.

d) Kama kuna jedwali, soma namba. Jumla zinalingana? Kuna sifuri iliyokaa peke yake? Idadi ya wanafunzi kwenye ukurasa wa 12 ni ile ile ya ukurasa wa 31?

e) Kama kuna fomu ya ridhaa ya Kiswahili, isome kwa sauti. Ukijikwaa, mgonjwa naye atajikwaa. Fomu nyingi hutafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza na hazisomeki. Andika sentensi mbadala, usiishie kuandika “lugha iboreshwe”.

f) Maswali madogo ya herufi na tarakimu mtumie katibu kabla ya kikao, ayarekebishe kimya kimya. Utaokoa nusu saa ya watu kumi na tano.

Hatua ya 7: Siku ya kikao

Fika dakika kumi mapema, saini mahudhurio. Bila akidi, ile idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa, kikao hakina uhalali, kwa hiyo kuwahi kwako kuna maana.

Kama jambo lolote linakuhusu, yaani utafiti ni wako, mtahiniwa ni ndugu yako, au kampuni inayouza dawa ilikulipia mkutano, tamka mgongano wa maslahi mwanzoni kabisa. Kwenye kamati ya maadili mtafiti anaweza kuitwa kutoa maelezo, lakini haruhusiwi kushiriki mjadala wala kupiga kura. Toka nje ya chumba. Usibaki pembeni ukijifanya unaangalia simu. Uwepo wako tu unawafunga wenzako midomo.

Ongea kupitia kwa mwenyekiti: “Mwenyekiti, nina swali kwenye ukurasa wa 14, aya ya pili.” Taja ukurasa, uliza, nyamaza. Profesa wako akiwapo na hamkubaliani, unaweza kusema: “Namshukuru Profesa kwa maelezo yake. Kuna jambo moja kwenye jedwali ambalo bado halijanikaa sawa.” Heshima ya aina hiyo haipunguzi nguvu ya hoja, na nimeona maprofesa wakibadilisha msimamo kwa sentensi kama hiyo.

Angalia sana kipengele cha mengineyo. Jambo zito likiletwa hapo, saa saba na nusu, watu wana njaa na hawakulisoma, litapitishwa ovyo au litaleta ugomvi. Omba liletwe na kabrasha lake kikao kijacho.

Hatua ya 8: Toka na kazi moja yenye tarehe

Azimio lisilo na jina na tarehe halitekelezwi. Mwenyekiti akisema “hili liangaliwe”, inua mkono uulize: nani, na hadi lini? Ikiwa unaweza kulifanya, jitolee. Chukua jambo dogo linalomalizika: orodha ya vituo vya oski na vifaa vyake, ukurasa mmoja wa kulinganisha wiki za mzunguko wa wodi, rasimu ya fomu. Lifanye ndani ya wiki mbili, wakati bado linakumbukwa. Mjumbe aliyemaliza kazi tatu ndogo kwa wakati huwa ndiye anayeulizwa ushauri kwenye kubwa.

Muhtasari wa kikao ukitoka, soma sehemu yako siku hiyo hiyo. Marekebisho ni rahisi kabla haujathibitishwa.

Hatua ya 9: Rudisha taarifa idarani, na tunza ushahidi

Kama unaiwakilisha idara, idara ina haki ya kujua. Dakika tano kwenye mkutano wa idara zinatosha: nini kimeamuliwa, kinatugusa wapi, tunatakiwa tufanye nini na lini. Yaliyo ya siri yabaki ya siri.

Fungua faili lenye barua ya uteuzi, kalenda ya mahudhurio, na kazi ulizoandika. Utalihitaji siku ya kuomba kupandishwa cheo. Lakini nikwambie ukweli: kwenye kupanda cheo chuoni, machapisho na ufundishaji ndivyo vyenye uzito, na huduma ya kamati haizibi pengo la machapisho. Nimewaona wenzangu wazuri waliojaa kwenye kamati tano na wakakaa cheo kimoja miaka mingi. Linda siku zako za kuandika kama unavyolinda siku ya upasuaji.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Kutoa matokeo kabla ya wakati.* Wanafunzi watakupigia: “Daktari, nimepona au nina sapu?” Yaani, amefaulu au atarudia mtihani? Jibu ni moja kwa wote: matokeo hutangazwa na chuo baada ya kupitishwa. Ukimwambia mmoja kwa huruma, umewanyima wengine mia mbili haki sawa, na alama zinaweza kubadilika kikaoni.

*Kupiga picha kabrasha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la idara.* Ndani yake kuna namba za wanafunzi na wakati mwingine taarifa za wagonjwa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla yake huu ulikuwa utovu wa uaminifu.

*Kumtetea mwanafunzi wako badala ya kanuni.* Kwenye kamati ya nidhamu au mitihani, kama unamfahamu sana, tamka na ujiondoe. Kisha mwelekeze kwa mshauri wa wanafunzi, huko ndiko anakoweza kupata msaada wa kweli.

*Kuidhinisha utafiti kwa sababu una fedha nyingi au mfadhili mkubwa.* Maswali yanabaki yale yale: mshiriki anaelewa? Anaweza kukataa bila kupoteza huduma? Akiumia, nani anamtibu?

Mambo yakikwama

*Akidi haitimii kila mara.* Mwombe katibu aangalie mahudhurio ya vikao vinne. Mara nyingi kuna watu wawili watatu ambao hawajaonekana kabisa. Mwenyekiti anaweza kuwaandikia kuuliza kama wataendelea au nafasi zao zijazwe. Angalia pia saa: kikao cha saa tatu asubuhi kinawafukuza watu wa kliniki. Sogezeni saa nane mchana mjaribu.

*Kila nikinyosha mkono sionekani.* Mtumie mwenyekiti hoja yako kwa ukurasa mmoja siku mbili kabla, umwombe aiweke kwenye ajenda. Kilicho kwenye ajenda lazima kifikiwe. Kina dada wengi vijana wananieleza hoja yao hupita masikioni kama upepo, kisha mwingine akiirudia inapokelewa. Ukiliona hilo likimtokea mwenzako, sema hapo hapo: “Mwenyekiti, hilo ndilo alilolitaja Dokta dakika chache zilizopita, naomba tumsikilize amalizie.” Na katibu aandike jina sahihi.

*Maazimio hayatekelezwi.* Tengeneza jedwali la safu nne: azimio, mhusika, tarehe, hali. Mpe katibu aliambatanishe mwanzoni mwa kila kabrasha. Mkuu akiona jina lake kwenye safu ya pili vikao viwili mfululizo, atalitafutia jambo lake majibu.

*Nimeteuliwa kamati nisiyoitaka.* Kaa mwaka mmoja, ufanye kazi yako vizuri, kisha omba kubadilishwa kwa maandishi ukipendekeza mtu wa kukurithi. Kama tatizo ni dhamira au mgongano wa maslahi, sema mapema, usingoje.

*Ninashinikizwa na mkubwa nipitishe jambo.* Mjibu kwamba utalisikiliza kikaoni pamoja na wenzako. Ikiendelea, mwarifu mwenyekiti. Na kama mwenyekiti ndiye anayeshinikiza, eleza msimamo wako kikaoni na uombe uingizwe kwenye muhtasari kwa maneno yako. Ni haki ya mjumbe.

*Nimechoka.* Punguza kabla hujaanza kuhudhuria kwa jina tu. Andika barua ya kujiuzulu miezi miwili kabla, ili idara ipate wa kukurithi. Siku ya mwisho keti naye nusu saa: mpe hadidu za rejea, jedwali la maazimio ambayo hayajakamilika, na namba ya simu ya katibu. Kisha mwonyeshe kwenye kabrasha lijalo mahali pa kuanzia kusoma.